Hewa ya Semarang

Nilikununua Semarang, chini kule, kwa karani wa forodha
aliyekupanda miaka mitano kazini na nyumbani,
barabara bapa, taa nyekundu, taa kijani, upepo wa chumvi.
Akanikabidhi funguo, kitambaa cha kufutia,
na deni moja asilolijua.

Mie nikakupandisha Dieng,
mita elfu mbili juu, ambako asubuhi ya Julai
umande huganda kwenye majani ya viazi
na wanaume hujitanda saruni mabegani.
Ukaanza kukohoa.
Ukanywa. Mungu wangu, ulikunywa!
Lita nzima ilikwisha kabla sijarudi kutoka Batur,
ukanisimamisha pale penye mvuke wa kiberiti,
magunia mawili mgongoni mwako,
mimi ubavuni nasukuma,
plagi nyeusi kama kitako cha chungu.

Mume wangu Sarwadi akasema, iuze.
Shemeji akasema, tia petroli ya bei.
Muuza tofu akasema una jini wa pwani,
na ndiye aliyekaribia.

Maana Kuswanto, fundi wa Kejajar,
gereji yake mabati manne na turubai,
alikuegemeza sikio tangini kama mkunga
akaniambia: Bu Ngatirah, chuma hakina kosa.
Chini ya kiti pana kisanduku, kadiri ya pakiti ya sigara.
Kinahesabu. Hewa kiasi hiki, mafuta kiasi hiki,
mkono wa mpandaji mzito ama mwepesi.
Kimemzoea mtu mwingine.
Huku juu hewa nyembamba, nacho bado kinapakua
sahani ya Semarang.

Nikacheka. Halafu sikucheka.
Mimi mwenyewe, mwaka wa nne tangu nirudi Hong Kong,
bado naamka saa kumi na moja alfajiri
kumpikia uji bibi kizee wa ghorofa ya kumi na tisa.

Basi kisahaulishe, nikasema.
Akafungua waya hasi wa betri. Tukanywa chai.
Akarudisha waya. Akawasha swichi, injini kimya,
akazungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, akauachia,
tena, na tena, na taa ya manjano
ikakonyeza kama mtu aliyeulizwa jina lake
na analitafuta.

"Sasa washa. Usiguse kitu."
Hilo ndilo gumu. Dakika kumi na tano,
mikono mapajani, wewe unanguruma peke yako,
unapanda, unashuka, unajikwaa,
nami sina ruhusa ya kukusaidia.
Maisha yangu yote nimelipwa kwa kusaidia.

"Na hizi kilomita za mwanzo," alisema, akifuta spana,
"iendeshe kama unavyoendesha,
si kama unavyotaka kuonekana."

Kwa hiyo nilikwenda kama mimi:
gia ya pili mapema, kabla mlima haujaomba,
breki nusu kwa ajili ya kuku wa watu,
na pale penye bonde la kabichi, ambapo hakuna macho,
moto wote, kidogo tu,
mpaka kilemba kikanivuka kichwani
nikarudi kukiokota mtaroni.

Sasa lita ni Batur, na kurudi,
na masalio ya kufika kwa mama.
Unapanda huku unaongea, hukohoi.
Sitasema muujiza. Siku ileile Kuswanto
alikung'uta na chujio la hewa,
likatoka vumbi la kupandia vitunguu,
sijui basi nani wa kushukuriwa.
Nimelipia vyote: rupia elfu thelathini na debe la viazi.

Jana alfajiri niliamka tena, saa ileile.
Jiko baridi. Nikakaa kando yake,
mikono mapajani, sikugusa kitu.
Nje ulikuwa umefunikwa gunia, barafu juu yake.
Nikahesabu dakika, moja, mbili, nane.

Kisha nikapika hata hivyo.
Sarwadi akala bakuli mbili.